Karen Blixen: Shamba lake la kahawa lilimfilisi, leo ni mtaa wa matajiri

UKITAKA kununua ekari moja ya ardhi katika eneo la Karen, jijini Nairobi, jiandae kutoa makumi ya mamilioni ya shilingi za Kenya. Ni eneo la nyumba kubwa zilizojificha nyuma ya miti mirefu na nyasi zilizokatwa vizuri, wanakoishi mabalozi, mawaziri na wafanyabiashara wazito. Kwa hapa kwetu tungelilinganisha na Oysterbay au Masaki za Dar es Salaam.

Hata hivyo, miaka 100 iliyopita sehemu kubwa ya eneo hilo lilikuwa shamba moja tu la kahawa. Aliyekuwa akilisimamia ni mwanamke kutoka Denmark, Karen Blixen, ambaye alilihangaikia kwa miaka 17 na kuondoka mwaka 1931 akiwa amefilisika. Ardhi ile ile iliyomshinda yeye ndiyo iliyowatajirisha wengine baada yake.

Maisha ya mama huyo yamesimuliwa sana katika vitabu na hata katika filamu, lakini mara nyingi husimuliwa kama habari ya mapenzi na uwindaji wa simba. Makala haya yanayatazama kwa jicho la kilimo na biashara ya ardhi. Mkulima wa Issuna, kijiji kilicho kando ya barabara kuu kati ya Manyoni na Singida, ana sababu ya kuyafahamu. Mji wowote unapokua na barabara ya lami inapopita, shamba huanza kuwa na bei mbili: bei ya mazao na bei ya kiwanja.

Alikotoka

Karen Dinesen alizaliwa Aprili 17, 1885 huko Rungstedlund, kando ya bahari, kaskazini mwa Copenhagen. Baba yake, Wilhelm, alikuwa mwanajeshi, mwandishi na mbunge. Alijiua mwaka 1895, wakati binti yake akiwa hajatimiza miaka 10. Mama yake, Ingeborg Westenholz, alitoka katika familia ya wafanyabiashara wenye fedha, na ni fedha za upande huo wa mama ambazo baadaye zilizama katika ardhi ya Kenya.

Alisomea uchoraji mjini Copenhagen. Mwaka 1912 alichumbiwa na Bror Blixen, Mswidi wa ukoo wa kibaroni ambaye alikuwa ndugu yake wa mbali. Vijana hao wawili hawakuwa na mtaji wa maana. Wakati huo magazeti na wasafiri wa Ulaya walikuwa wakiisifia Afrika Mashariki ya Waingereza kuwa ni mahali ambapo ardhi ni rahisi na utajiri uko karibu. Familia ya Karen ikakubali kutoa fedha.

Mpango wa ng'ombe wageuka kahawa

Mpango wa mwanzo ulikuwa kufuga ng'ombe wa maziwa. Bror alitangulia mwaka 1913, na alipofika Nairobi akabadili mawazo bila kumshirikisha mchumba wake. Aliona kila mtu anazungumzia kahawa, akaachana na habari ya ng'ombe na kununua kampuni ya kahawa iliyokuwa ya Mswidi mwenzake, chini ya vilima vya Ngong, kusini magharibi mwa Nairobi.

Karen aliwasili Mombasa Januari 1914 na wakafunga ndoa huko Januari 14. Alipopanda treni kwenda Nairobi alikuwa tayari ni mkulima wa zao asilolijua, katika ardhi asiyowahi kuiona.

Mkulima msomaji atakuwa ameshaliona kosa la kwanza. Zao lilichaguliwa kwa kusikia bei yake sokoni, ardhi ikachukuliwa kwa sababu ilikuwa inauzwa. Hakuna aliyeuliza kwanza kama ardhi ile na zao lile vinaelewana.

Shamba lilikuwa juu sana, zaidi ya futi 6,000 kutoka usawa wa bahari. Kahawa ya arabika hukubali maeneo ya juu, lakini pale Ngong upepo ulikuwa mkali, baridi ilikuwa ya kuumiza maua ya mibuni, na mvua hazikuwa za kutegemewa. Mibuni ilistawi mwaka mmoja na kusinyaa mwaka unaofuata.

Mwaka 1916 shamba liliwekwa chini ya kampuni iliyoitwa Karen Coffee Company, na wanahisa wake walikuwa hasa ndugu wa Karen. Mwenyekiti alikuwa mjomba wake, Aage Westenholz, aliyekwisha kufanikiwa katika mashamba ya mpira huko Malaya. Bila shaka aliamini kuwa kilichowezekana Asia kingewezekana Afrika.

Ardhi yote ilikuwa kama ekari 6,000. Kahawa ilichukua kama ekari 600 tu. Kwa kipimo cha miche 600 kwa ekari, hiyo ni miche 360,000 ya kupalilia, kupogolea na kuchuma kwa mikono. Kama ekari 1,000 zilikuwa mashamba ya Wakikuyu walioishi humo, na zilizobaki zilikuwa msitu na malisho. Kwa maneno mengine, ekari moja ya kahawa ilitakiwa kubeba gharama za ekari 10.

Vita, rupia na moto

Miezi michache baada ya kufika, Vita Kuu ya Kwanza ikaanza. Waingereza wa Kenya wakawa wanapigana na Wajerumani waliotawala huku kwetu. Karen mwenyewe aliongoza msafara wa magari ya kukokotwa na ng'ombe kuwapelekea mahitaji askari waliokuwa upande wa mpakani. Shamba likakosa watu na usimamizi wakati mibuni ikiwa bado michanga, na mbuni huhitaji miaka mitatu hadi mitano kabla haujaanza kulipa.

Nyumbani nako hakukuwa na amani. Bror alikuwa mwindaji hodari na mtu wa kupendwa, lakini hakuwa mtu wa hesabu. Alimwambukiza mkewe kaswende, ugonjwa ambao wakati huo ulitibiwa kwa dawa zenye sumu, na Karen alilazimika kurudi Denmark kutibiwa mwaka 1915. Athari za maradhi hayo na dawa zake zilimfuata hadi uzeeni.

Baada ya vita walijaribu pia kulima kitani, zao la nyuzi ambalo bei yake ilikuwa imepanda sana. Bei hiyo ilianguka ghafla na waliokuwa wamelima wakabaki na hasara. Hapo ndipo serikali ya kikoloni ilipoongeza pigo jingine. Mwaka 1920 iliamua kwamba rupia moja ihesabiwe kuwa sawa na shilingi mbili za Uingereza, wakati kabla ya vita ilikuwa shilingi moja na peni nne.

Kwa mfanyabiashara hilo si jambo dogo. Kahawa iliuzwa London kwa fedha za Uingereza, lakini mishahara na mikopo ya benki za nchini ilikuwa katika rupia. Mkulima aliyekuwa akidaiwa rupia 1,000 alihitaji nusu zaidi ya kahawa aliyohitaji awali ili kulipa deni lile lile, ingawa hakuwa amekopa senti nyingine. Wanaouza mazao nje kwa dola wanalijua jambo hili hadi leo.

Mwaka 1921 wanahisa walichoka, wakamwondoa Bror katika usimamizi na kumkabidhi Karen. Ndoa nayo ilivunjika na talaka ikatoka mwaka 1925. Bror alikuja kufanya kazi ya shamba Babati, si mbali na Singida yetu, kabla ya kurejea kwenye uwindaji.

Karen akawa meneja pekee. Aliamka alfajiri kusimamia wachumaji, akaendesha kiwanda cha kukoboa na kukausha kahawa, akatibu wagonjwa waliofika barazani kwake na kuanzisha shule kwa ajili ya watoto wa shambani. Msaidizi wake mkuu, Msomali Farah Aden, ndiye aliyeshika fedha za nyumba na kumsaidia kuzungumza na watu. Lakini mwaka 1923 kiwanda cha kahawa kiliungua. Kila msimu ulipokuwa mbaya aliandika barua Denmark kuomba fedha zaidi, na kila walipotuma, deni liliongezeka kwa kuwa fedha ziliziba mashimo badala ya kuongeza uzalishaji.

Kuanguka

Katikati ya miaka ya 1920 bei ya kahawa ilikuwa nzuri, na huenda mtu angedhani kuwa shamba lingepona. Tatizo ni kwamba mavuno hayakuwa mengi kiasi cha kunufaika na bei. Kisha mambo matatu yakaja karibu kwa pamoja. Nzige walivamia Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1928. Ukame ukafuata mkondo wake. Mwishoni mwa mwaka 1929 masoko ya hisa ya Marekani yakaanguka na bei ya kahawa duniani ikaporomoka. Brazil, iliyokuwa na kahawa kuliko inavyoweza kuuza, ilifikia hatua ya kuichoma moto.

Ndugu zake wakasema basi. Shamba likauzwa mwaka 1931. Mwezi Mei mwaka huo rafiki yake wa karibu, Mwingereza Denys Finch Hatton, alikufa baada ya ndege yake kuanguka Voi, naye Karen akamzika katika vilima vya Ngong. Miezi michache baadaye alipanda meli Mombasa kurudi kwa mama yake, akiwa na umri wa miaka 46, bila shamba, bila mume na bila fedha.

Nani alipata faida?

Aliyenunua alikuwa mfanyabiashara wa majengo wa Nairobi, Remy Martin. Huyu hakuwa na haja na kahawa. Yeye alitazama ramani akaona kitu ambacho wakulima wa pale hawakukipa uzito: shamba lilikuwa kilomita zisizozidi 20 kutoka katikati ya mji unaokua.

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli. Mwaka 1905 ikawa makao makuu ya serikali. Maofisa na wafanyabiashara wa Kizungu waliongezeka na wengi wao walitaka nyumba yenye bustani, hewa baridi na nafasi ya farasi. Ile baridi iliyoua maua ya kahawa, kwao ikawa ndiyo sababu ya kulipia zaidi. Martin akaanza kulikata shamba katika vipande vikubwa vya makazi. Klabu ya gofu ilifuata miaka ya 1930, na jina la kampuni iliyofilisika likabaki kuwa jina la mtaa, ingawa wengi husema mtaa umepewa jina la mwanamke mwenyewe.

Tukumbuke pia kwamba soko hilo halikuwa huru. Mwafrika na Mhindi hawakuruhusiwa kununua humo kwa muda mrefu wa ukoloni, kwani ardhi ya nyanda za juu ilitengwa kwa Wazungu. Milango ilifunguka tu uhuru wa mwaka 1963 ulipokaribia. Tangu hapo Waafrika wenye uwezo wamenunua, vipande vikubwa vimegawanywa tena na tena, na mwaka 2016 kituo kikubwa cha maduka cha The Hub kilifunguliwa katikati ya eneo hilo. Wakazi wa zamani wamekuwa wakivutana na wajenzi kuhusu ukubwa wa viwanja, majitaka na visima, kwa sababu wanajua kuwa kinachofanya ardhi yao iwe ghali ni nafasi na miti. Vikiondoka, bei nayo itaondoka.

Waliokuwa shambani tangu awali

Upande wa hadithi hii unaosahaulika ni wa Wakikuyu walioishi ndani ya zile ekari 6,000. Wengi wao au wazazi wao walikuwa pale kabla ya Wazungu. Sheria ya mwaka 1915 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya mfalme wa Uingereza, na Mzungu aliweza kupewa kwa miaka 999. Mwenyeji akawa mpangaji katika ardhi ya babu yake. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka wakaaji hao kumfanyia kazi mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili waruhusiwe kulima na kufuga.

Shamba lilipouzwa walipewa notisi ya miezi sita wahame. Hawakuwa na hati, hivyo hawakuwa na cha kudai. Ombi lao lilikuwa moja tu, wasitawanywe, wapelekwe mahali pamoja pamoja na mifugo yao. Karen, ambaye naye alikuwa amenufaika na sheria hizo kwa miaka mingi, alitumia miezi yake ya mwisho kwenda ofisi moja hadi nyingine za serikali kuwaombea. Mwishowe walipewa sehemu katika msitu wa akiba wa Dagoretti. Hilo ndilo jambo alilofanikiwa mwaka ule. Hata hivyo, katika faida iliyopatikana baadaye kwa kukata viwanja, familia zile hazikuambulia kitu.

Maisha baada ya shamba

Huko Denmark aligeukia kalamu. Kitabu chake cha kwanza cha hadithi kilitoka mwaka 1934 kwa jina la Isak Dinesen, na mwaka 1937 akatoa kitabu kuhusu shamba lake la Afrika kilichompa sifa duniani. Kwa hiyo shamba lililoshindwa kumlipa kwa kahawa lilimlipa kwa kumbukumbu.

Inaonekana somo la ardhi lilimwingia. Mwaka 1958 yeye na ndugu zake walianzisha mfuko wa kumiliki nyumba na shamba la Rungstedlund, ili eneo lisikatwe viwanja na miti yake ibaki kuwa hifadhi ya ndege. Alifariki humo Septemba 7, 1962 na kuzikwa chini ya mti katika eneo hilo hilo. Nyumba yake ya Nairobi ilinunuliwa na serikali ya Denmark mwaka 1964 na kutolewa zawadi kwa Kenya huru. Filamu kuhusu maisha yake ilitoka mwaka 1985, na mwaka uliofuata nyumba ikafunguliwa kuwa makumbusho ambayo hupokea watalii hadi leo.

Mkulima wa Issuna ajifunze nini?

Kwanza, asiuze ardhi akiwa amebanwa na deni. Karen na ndugu zake waliuza mwaka ambao kahawa haikuwa na bei na kila mtu alikuwa anauza. Mkulima wa alizeti aliyeona bei ilivyoshuka msimu wa 2023 anafahamu kishawishi cha kuuza ekari ya barabarani ili kulipa ada au mkopo wa pembejeo. Mnunuzi mwenye fedha husubiri mwaka kama huo. Akiba ya mazao, kuku au mbuzi ndiyo inayomkinga mtu asiuze ardhi kwa bei ya shida.

Pili, ajue anauza nini. Ekari moja ina mita za mraba zipatazo 4,000. Ukitoa robo kwa ajili ya barabara, zinabaki kama 3,000, yaani viwanja vitano vya mita 20 kwa 30. Anayeuza ekari kwa bei ya shamba na anayeuza viwanja vitano vilivyopimwa wanauza udongo ule ule, lakini hawapati fedha sawa. Tofauti hiyo ndiyo aliyoichukua Remy Martin. Bila shaka kupima na kubadili matumizi ya ardhi kuna gharama na taratibu zake, na ni lazima kuendane na mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji. Ndiyo maana majirani wenye mashamba yanayopakana wanaweza kufanya hivyo kwa pamoja na kugawana gharama.

Tatu, apate karatasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inampa mwanakijiji nafasi ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi ya kijiji. Mauzo ya kuandikishana usiku kwa dalali, bila kijiji na bila mke au mume kujua, ndiyo chanzo cha kesi nyingi. Wakaaji wa Ngong waliishi na kulima kwa miaka mingi, lakini siku ya mauzo hawakuhesabiwa kwa kuwa hawakuwa na kitu mkononi.

Nne, asidhani kila shamba la barabarani litakuwa Karen. Nairobi ilikuwa makao makuu ya nchi na watu wenye fedha walikuwa wakihamia. Dodoma imekua haraka tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia huko, lakini Issuna iko mbali na Dodoma. Bei ya kiwanja hupanda pale tu penye maji, umeme, barabara na watu wanaotaka kujenga. Kwa sehemu kubwa ya ardhi ya Issuna, alizeti, mtama na mifugo vitaendelea kuwa ndiyo biashara. Kinachotakiwa ni kutenganisha: kipande cha barabarani kikitunzwa kama akiba ya baadaye, na shamba la ndani likiendelea kulimwa kwa zao linalokubaliana na udongo na mvua za hapo.

Karen Blixen alifanya kazi kwa bidii, na hilo hakuna anayeweza kumnyima. Bidii haikutosha, kwa sababu zao halikufaa mahali pale, deni lilikuwa kubwa kuliko mavuno, na thamani halisi ya ardhi ilionwa na mtu mwingine.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.